Daftari la Damu

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo wasemavyo wahenga. Wapita njia watausifia mtungi kwa shingo yake na tumbo lake linalong'aa, na kila mmoja atakisia kilichomo: maji, togwa, au hewa tupu. Kata pekee ndiyo inayozama mpaka chini, nayo haina mdomo wa kusimulia. Methali hii huwakumbusha wenye pupa ya kujua mambo ya wenzao kwamba ya ndani yana wenyewe. Katika kijiji cha Nahembele, wilayani Ruangwa, watu walikuwa wakiitamka bila kuifikiria, kama mtu anavyosema "haya" anapoagana na jirani. Mwaka 2005 ndio uliowafanya waifikirie.

Mwezi wa Machi mwaka huo, njia zikiwa bado zina tope, gari la watafiti lilifika kijijini. Walikuwa wakiutafuta ugonjwa wa sikoseli, ule unaozipinda chembe za damu zikawa na umbo la mundu na kuwatesa watoto kwa maumivu ya viungo. Nesi wao aliitwa dada Prisca, mzaliwa wa Nachingwea mjini. Alisimama mbele ya ghala la ushirika akaeleza kwamba wangechukua damu kidogo kwa kila mtu, familia kwa familia, na majibu yangeletwa baada ya miezi mitatu.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bashiri. Huyu alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mrefu, mwembamba, mcheshi, na mwenye ugonjwa mmoja usiotibika: kumsifia binti yake.

"Andika, dada nesi," alisema huku akikunja mkono wa shati. "Bashiri, mkewe Biasha, na binti yao Hajra. Ukitaka kupunguza kazi mchome mmoja tu, maana huyu binti ni mimi mtupu. Tazama pua! Na kichwa kigumu! Vyote amevitoa kwangu."

Foleni nzima ilicheka. Hajra alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa ameposwa na Saburi, fundi baiskeli wa Nkowe, ambaye siku hiyo naye alikuwa kwenye foleni. Alijifunika uso kwa kanga kwa haya. "Baba, mbele ya watu jamani!"

"Baba, kumbe wewe ni mtaalamu wa vinasaba," alisema Prisca akitabasamu. "Ni kweli. Ndani ya damu mna maandishi ambayo mtoto ameandikiwa na baba yake na mama yake. Hata alama hii ya sikoseli tunayoitafuta, mtoto haiokoti njiani. Akiwa nayo, basi ameipata kwa baba au kwa mama. Hakuna mlango wa tatu."

Bashiri akacheka pamoja na wenzake, kisha kicheko kikakatika ghafla. Akamtazama Biasha. Biasha naye alikuwa akimtazama yeye.

Maana Bashiri hakumzaa Hajra, wala Biasha hakumzaa. Mwaka 1987, walipokuwa wakiishi Mtua wilayani Nachingwea, Biasha alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu. Wakati huo vita vilikuwa vinawaka Msumbiji, na watu walikuwa wakivuka Mto Ruvuma na kupanda kaskazini wakitafuta pa kulala kwa amani. Miongoni mwao alikuwamo Dorotea, mwanamke wa Kimakua mwenye sauti ya kuamsha mtaa, naye alikuwa amebeba kitoto kisicho chake. Mama wa kitoto hicho alikuwa mwenzake wa safari, na homa ilikuwa imemuua njiani. Dorotea alipiga hodi kwa Biasha kuomba maji ya kunywa. Alimkuta ameketi mlangoni, macho makavu, maziwa yakimlowesha gauni. Dorotea alimweka mtoto kifuani pake, na mtoto akanyonya.

Kabla mwaka haujaisha Bashiri alihamia Nahembele, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba Biasha aliwahi kuzika mtoto. Huko Hajra alikua akiitwa binti Bashiri, na baba yake akaanza habari za pua. Alizirudia sana hata mwenyewe akaziamini.

Dorotea aliwafuata mwaka uliofuata akajenga jirani yao, na hapo ndipo penye ajabu. Dorotea alikuwa mtani. Ukoo wake na koo za Wamwera wa Nahembele walitaniana tangu enzi za mababu, na yeye haki hiyo aliitumia mpaka ikachakaa. Alimwambia shehe kwamba ndevu zake zingefaa kufagilia uwanja. Aliwahi kuchukua jogoo wa mtu kwenye msiba, akamchinja na kumla palepale, na mwenye jogoo akalazimika kucheka, kwa sababu mtani hashtakiwi. Kila mtu aliamini kwamba kumpa Dorotea siri ni sawa na kuteka maji kwa chekeche. Lakini kwa miaka kumi na minane lile jambo moja hakulitania hata mara moja, si kwa wazi wala kwa fumbo.

Basi tangu siku ya sindano Bashiri alikosa raha. Aliwaza hivi: kama Hajra atakutwa na alama ile, na yeye na Biasha hawana, watu wa Nahembele hawatawaza habari za Ruvuma. Watawaza kichaka. Watasema Biasha alitoka nje ya ndoa, na Hajra atayasikia ya uongo kisimani kabla hajaisikia kweli kwa baba yake. Wazo hilo lilimkata maini.

Mwezi wa Juni, ufuta ukiwa umekatwa na kusimamishwa miganda miganda ukauke, majibu yalifika. Dereva aliyeyaleta alikuwa na haraka ya kuwahi Nandagala. Alimkabidhi mtendaji wa kijiji daftari kubwa jekundu pamoja na ujumbe wa mdomo, kwamba nesi angefika Jumamosi, na kwamba majibu wapewe wenyewe.

Mtendaji huyo aliitwa Fortunatus. Alikuwa kijana mchapakazi mwenye moyo mweupe kama pamba, ila alipenda mno kuwasomea watu. Na Nahembele kila kitu kilisomwa hadharani. Kilo za korosho zilisomwa, mgawo wa salfa ya kupulizia mikorosho ulisomwa, na majina ya waliofaulu darasa la saba yalisomwa mbele ya ghala kwa kipaza sauti cha betri, huku waliofeli wakijulikana kwa kutosomwa. Kwa hiyo Fortunatus aliposikia "wapewe wenyewe" alielewa kama ambavyo mtu yeyote wa Nahembele angeelewa. Aliagiza ngoma, akatangaza sherehe, na akaomba kila kaya ilete sahani ya chakula.

Alhamisi asubuhi alikutana na Bashiri njiani, akashuka kwenye baiskeli kwa heshima.

"Shikamoo, baba. Tena hongera!"

"Marahaba, Bwana Mtendaji. Hongera ya nini?"

"Nimepitia ukurasa wenu. Wewe huna, mama hana, Hajra peke yake ndiye anayo! Kijiji kizima familia ya namna hiyo ni yenu tu. Jumamosi nitawasoma wa kwanza."

Bashiri alimsogelea. "Anayo nini, mwanangu?"

"Hiyo alama yao. Mimi siku ya maelezo nilikuwa wilayani kikaoni, nilirudi jioni nikachomwa wa mwisho. Lakini watu wametoka mbali na gari kuja kuitafuta, lazima ni kitu cha maana!" Akapanda baiskeli yake akaenda zake akipiga mluzi.

Mchana huohuo Bashiri alimpelekea jogoo, akamwomba kwa kunong'ona asiusome ukurasa wa familia yake. Kwa bahati mbaya alilizungusha ombi lake kwa maneno matamu mno, na Fortunatus akaambulia utamu peke yake. Alimpokea yule jogoo kwa mikono miwili. "Ahsante sana, baba. Kwa heshima hii, nitawasoma mara mbili."

Ijumaa baada ya sala, Bashiri na Biasha walikuwa shambani, wakipindua miganda ya ufuta juu ya turubai na kuigonga taratibu kwa fimbo. Punje zilimiminika kwa sauti ya mvua ndogo. Bashiri alikuwa anagonga kwa hasira.

"Nitaingia ofisini kwake," alisema. "Nitauchana ukurasa ule nikautafune."

"Ukurasa wa nani?" aliuliza Biasha.

"Wetu."

"Sio wetu, Baba Hajra. Mimi na wewe, ukurasa unasema hatuna kitu. Mwenye neno pale ni Hajra. Utatafunaje neno la mtu ambaye hata hajui kwamba ni lake?" Biasha alishika mganda mmoja akauinua wima, kwa uangalifu. "Ufuta ukikauka lazima ufunguke. Ukiutikisa mwenyewe juu ya turubai lako, unapata chakula. Ukingoja wapita njia wautikise, wanaokota kuku. Mwite mtoto."

Bashiri akapiga moyo konde, akamwita. Hajra alikuja amebeba kibuyu cha maji, akaketi ukingoni mwa turubai. Baba yake alikuwa hodari wa maneno, lakini siku hiyo maneno yalimpa mgongo. Alianza na vita, akarudi Mtua, akarukia mambo ya pua, mpaka Biasha akamshika mkono na kuyamaliza yote kwa sentensi tano.

Machozi yalimshuka Hajra bila sauti, na Bashiri aliona afadhali dunia ipasuke immeze. Hakuwahi kumwogopa mtu kama alivyomwogopa binti yake dakika ile.

"Alikuwa anaitwa nani?" Hajra aliuliza hatimaye.

Walitazamana. Katika miaka kumi na minane hawakuwahi kuuliza. Biasha aliinuka akaenda shamba la jirani kumwita Dorotea, ambaye alikuja akibwata tangu mbali.

"Leo Wamwera mnaniita kwa adabu! Mmefanya nini? Mmeiba mbuzi?" Alipouona uso wa Hajra alinyamaza. Akaweka jembe chini, akaketi kwenye udongo.

"Mwamina," alisema. "Aliitwa Mwamina. Mmakua kama mimi, Mwislamu kama wewe. Mwanamke yule alikuwa anaimba, mwanangu! Hata pale tulipotakiwa kupita kimya alikuwa anaimba, mpaka tukataka kumziba mdomo kwa majani. Homa ilipomshika alikuwa bado anakutania wewe. Alikuwa anakuita bibi kizee, kwa sababu hukuwa na meno."

Hajra alicheka huku analia, na kile kicheko kikawaponya wote wanne. "Mbona hukuniambia, mama Dorotea? Wewe ambaye huwezi kunyamaza hata msibani kukiwa na maiti!"

"Habari haikuwa yangu. Mimi nilibeba tu."

Hajra alimgeukia Bashiri, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa akichezea fimbo. "Na pua je, baba?"

"Pua..." Bashiri aliiweka fimbo chini. "Kuhusu pua, mwanangu, nadhani nilizidisha."

"Hukuzidisha. Pua uliyonipa siirudishi." Akamkumbatia shingoni, na Bashiri mzima, baba mtu mwenye mvi, akalia kama mtoto aliyenyimwa ugali. Furaha ikimjaa mtu ghafla, hutokea popote inapopata tundu.

Baada ya muda Hajra alifuta uso kwa kanga, na sauti yake ikawa ngumu kidogo. "Mimi sioni haya kuzaliwa na Mwamina. Lakini hii habari ni yangu, kama damu ilivyo yangu. Nitamwambia nimtakaye, siku niitakayo, kwa mdomo wangu. Siitaki kwenye kipaza sauti."

"Kipaza sauti?" alisema Dorotea, na macho yake yakaanza kumetameta. "Kina mlio wa kunishinda mimi?"

Jumamosi ilifika. Mbele ya ghala la ushirika kulikuwa na mihogo ya kuchemsha, kuku wa kuchoma, korosho za kukaanga na ndoo tatu za togwa. Ngoma zililia. Fortunatus alikuwa amevaa koti lake la vikao, mbele yake meza iliyotandikwa kitambaa cha maua, na juu ya meza lile daftari jekundu. Nesi alikuwa bado hajafika, lakini mtendaji hakuona sababu ya kungoja.

"Ndugu wananchi! Leo tutaijua damu ya Nahembele! Tunaanza na familia ya Mzee Bashiri!"

Makofi yalipigwa. Biasha aliushika mkono wa mumewe. Hapo Hajra alisimama.

"Samahani, kaka mtendaji. Jibu langu naomba nipewe mkononi. Sitaki lisomwe."

Minong'ono ilizuka. Mzee Masoudi, aliyejiona mwalimu wa methali kijijini hapo, aliinua bakora yake juu. "Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Sifichi, babu," Hajra alijibu. "Damu nimetoa, na jibu nalitaka. Ila nalitaka niwe wa kwanza kulijua."

"Dada yangu," alisema Fortunatus kwa upole wa kweli, "hapa kwetu hatubaguani. Korosho za wote zinasomwa. Mambo ya kijiji ni ya kijiji." Akafungua daftari, akakohoa, akanyanyua kipaza sauti.

Ndipo Dorotea alipoingia uwanjani. Aliingia akicheza, kiuno kikienda na ngoma, vigelegele vikimfuata. Alimzunguka mtendaji mara moja, akamzunguka mara ya pili, akajifanya anamtuza kama watu wanavyomtuza mchezaji hodari. Mkono mmoja ulimpangusa mtendaji jasho usoni. Mkono wa pili ulishuka mezani, na daftari likazama ndani ya kanga. Kabla Fortunatus hajafumbua macho, Dorotea alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, na daftari likiwa chini ya makalio yake.

"Mtani kachukua!" watu walipiga kelele kwa furaha. "Komboa, Bwana Mtendaji! Komboa!"

Desturi ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kitu alichochukua mtani hakinyang'anywi wala hakipelekwi barazani. Hukombolewa kwa kile anachotaka mtani mwenyewe. Fortunatus alikuwa Mmwera aliyelelewa vizuri. Alijilazimisha kucheka.

"Haya, mtani. Nilikomboe kwa kitu gani? Kuku?"

"Kuku wako wamekonda kama wewe. Mimi nataka kitu kidogo tu. Chukua kipaza sauti chako, utusomee mambo matatu ya ndani ya nyumba yako ambayo mkeo anayajua na sisi hatuyajui."

Uwanja ulilipuka. Getruda, mke wa mtendaji, alipiga ukelele mmoja akajiziba mdomo kwa viganja viwili, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Watu kuona vile ndiyo kwanza wakazidi kutaka. "Soma! Soma! Hatubaguani! Soma!"

Fortunatus alinyanyua kipaza sauti, akakishusha, akakinyanyua tena. Masikio yalimwaka moto. "Jamani, mtani... hayo ni mambo ya ndani!"

"Ya ndani ya wapi?"

"Ya ndani ya nyumba yangu!"

Dorotea aliacha kucheka. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona ameacha. "Mwanangu," alisema polepole, "nyumba una mlango unaoufunga. Na damu je? Iko ndani ya nini?"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Watu walitazamana, kisha kila mmoja akajitazama mikono yake mwenyewe, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona mishipa. Mzee Masoudi alishusha bakora taratibu. Pale mbele ya ghala hapakuwa na mtu asiye na jambo lake, na ghafla kila mtu akalikumbuka la kwake.

"Hata mimi," alisema mama mmoja kwa nyuma, "naomba la kwangu nipewe mkononi."

"Na mimi," alidakia mwingine.

"Mimi nilitaka kusema tangu mwanzo," alisema Mzee Masoudi, na watu wakamcheka mpaka naye akacheka.

Katikati ya vicheko hivyo pikipiki iliingia, na dada Prisca akashuka ametapakaa vumbi. Aliona meza, ngoma, kipaza sauti na ndoo za togwa, akashika kichwa. "Bwana Mtendaji! Nilisema kila mtu apewe la kwake!"

"Ndiyo nilikuwa nawapa, dada," alijibu Fortunatus kwa unyonge. "Kwa sauti."

"Na daftari liko wapi?"

"Nimelikalia," alisema Dorotea. "Usiwe na wasiwasi. Mimi sijui kusoma hata herufi moja, na hiki kilicholikalia hakijui zaidi yangu."

Kazi ikaanza upya. Prisca aliingia kwenye chumba cha mizani ndani ya ghala, akafunga mlango, na watu wakaingia mmoja mmoja kupewa karatasi zao za majibu. Sherehe haikuvunjika, ilinoga zaidi. Kila aliyetoka alidakwa na swali, na kila mmoja alijibu anavyopenda mwenyewe. "Nimeambiwa nina damu ya simba!" alisema mmoja. "Mimi ya kwangu ni togwa tupu," alisema mwingine. Mama mmoja alitoka akilia kidogo, akaenda kukaa karibu na dada yake, na hakuna aliyemwuliza kitu. Wote wakajifunza siku hiyo kwamba kutouliza nako ni namna ya kumpenda mtu.

Fortunatus aliingia akiwa anatabasamu. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa ameikunja karatasi yake ikawa ndogo kama punje ya korosho, na alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Dorotea.

"Mtani," alisema, "nilikuwa nimepanga kujisoma wa pili. Ahsante." Kisha akanong'ona: "Na yale ya wengine niliyoyaona mle, nimeyasahau."

"Vizuri. Ukiyakumbuka, na mimi nitakumbuka kwamba Getruda ni shoga yangu."

Kilichokuwamo kwenye karatasi ya mtendaji hakuna anayekijua Nahembele mpaka leo, isipokuwa yeye na huenda mkewe.

Hajra aliingia akakaa muda mrefu kuliko wote. Prisca alimweleza kwamba yeye si mgonjwa. Alibeba tu ile alama, na ingempasa aangalie kama mume wake naye anayo, maana wakiwa nayo wote wawili mtoto anaweza kuugua.

"Na damu yangu iliyobaki?" Hajra aliuliza. "Iko wapi?"

Prisca alimtazama kwa mshangao wenye heshima. "Ipo maabara, kwenye jokofu. Umekuwa wa kwanza kuniuliza."

"Itumieni kwa sikoseli, iwasaidie watoto. Jina langu litoeni. Na mkitaka kutafuta kingine humo ndani, njooni mpige hodi kwanza."

Prisca aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na Hajra akatia sahihi.

Bashiri alikuwa nje anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Alipomwona binti yake anatoka alifungua mdomo amwulize wamezungumza nini muda wote ule. Akaufunga. Hajra aliona, akampa tabasamu kubwa, akapita kwenda kwenye ukuta wa ghala alikokuwa amesimama Saburi. Bashiri aliwaona kwa mbali. Hajra alisema kwa muda mrefu. Saburi alisikiliza ameinamisha kichwa kama afanyavyo anaposikiliza mnyororo wa baiskeli. Kisha kijana akatoa karatasi yake mfukoni, akamwonyesha mchumba wake, na wote wawili wakaanza kucheka, na Hajra akaruka juu kama mtoto wa mbuzi. Bashiri hakuambiwa kilichoandikwa kwenye karatasi ya Saburi, naye hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda kujimiminia togwa, kopo lililojaa pomoni.

Ndoa ilifungwa mwezi wa Septemba. Siku chache kabla, Bashiri alimwomba Hajra ruhusa, na Hajra akaitoa. Wakaenda pamoja kwa shehe, kwa kuwa ndoa ina sheria zake na mfungishaji hafichwi. Shehe alisikiliza, akamwombea dua Mwamina, akasema yeye mwenyewe angesimama kuwa walii, yaani msimamizi wa kumwoza, kwa kuwa baba wa kulea hana haki hiyo. Siku ya siku wageni walimwona shehe akimwoza Hajra huku Bashiri ameketi pembeni, machozi yakimtiririka na meno yote nje. "Mzee amezidiwa na furaha," walinong'onezana. "Hata kuoza binti yake kashindwa, kamwachia shehe." Nao hawakukosea kuhusu furaha.

Kwenye mkeka wa mama wa bibi harusi waliketi wanawake wawili. Mmoja alikuwa Biasha. Wa pili alikuwa Dorotea, amevaa kanga mpya aliyonunuliwa na Hajra, na kwa mara ya pili katika maisha yake amenyamaza. Mzee Masoudi hakuweza kuvumilia.

"Dorotea! Wewe si wa ukoo huu wala si wa dini hii. Mkeka wa mama umeukalia kwa lipi?"

Bashiri aliyasikia maneno hayo, akageuza kichwa haraka. Dorotea alimtazama Hajra, na Hajra, ndani ya shela yake, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba bado.

"Nimefuata pilau," alisema Dorotea kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuamsha mtaa. "Hapa ndipo sinia linapoanzia. Na wewe mzee, kwa meno yako hayo mawili, ulifuata nini?"

Kicheko kilivuma mpaka kwenye mikorosho. Bashiri alicheka kuliko wote, akamgeukia mkwewe Saburi na kuanza kumweleza kwamba watoto watakaozaliwa, apende asipende, watakuwa na pua ya babu yao. Jua lilipoanza kushuka watu wa Nahembele walirudi makwao wameshiba, kila mmoja akiwa na hakika kwamba familia ya Bashiri anaijua nje ndani. Kweli, siri ya mtungi aijuaye kata.